Miezi Hii ya Kungoja Nayo ni Shule

Hotuba ya mkuu wa shule ya sekondari ya kata, wilayani Newala, kwa wazazi na walezi siku ya kufunga mwaka

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mtendaji wa Kata, wenyeviti wa vijiji, masheikh na wachungaji mliofika, walimu wenzangu, na ninyi wenye shule hii, wazazi na walezi: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Bibi zangu mliokaa pale mbele, shikamooni.

Najua msimu umeshika. Wapo humu walioacha korosho chini ya mikorosho hazijaokotwa, na wapo wanaotega sikio kujua mnada umefungwa kwa bei gani. Mmeyaacha hayo mkaja kukaa kwenye madawati ya watoto wenu. Nimeliona hilo na nawashukuru sana.

Habari za mwaka nitazipitisha haraka, maana nyingi mmeziona kwa macho. Kidato cha Pili na Kidato cha Nne wamefanya mitihani yao ya Taifa mwezi Novemba na wamemaliza salama. Paa lililoezuliwa na upepo limerudi mahali pake, na waliolipandisha ni akina baba wa vijiji hivi. Chakula cha mchana kimepikwa hadi wiki ya mwisho kwa sababu mahindi na maharage mliyokubaliana kwenye kikao cha mwanzo wa mwaka mliyaleta. Mwalimu wa zamu anayezunguka madarasani saa nane mchana atawaambia tofauti yake: mwaka juzi saa hiyo nusu ya vichwa vilikuwa vimelala juu ya madaftari. Naomba mwakani tusirudi nyuma.

Sasa nije kwenye lililonifanya niombe kikao hiki kiwe cha wazazi wote, hata wale ambao watoto wao wameshaaga. Mtoto aliyefanya mtihani wa Kidato cha Nne mwezi uliopita bado hajamaliza shule. Ameondoka kwenye uzio wangu, basi. Matokeo kwa kawaida hutoka Januari. Baada ya hapo Serikali hufungua muda wa kubadilisha machaguo ya vyuo na ya tahasusi, yaani yale masomo matatu anayokwenda kuyasoma Kidato cha Tano. Kisha OR-TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, hutangaza waliochaguliwa, na Kidato cha Tano huanza Julai. Hesabuni wenyewe. Tangu kalamu iwekwe chini hadi kengele nyingine igongwe ni zaidi ya miezi saba, na katika miezi hiyo yote hakuna mwalimu anayeita majina asubuhi. Anayeita majina ni wewe mzazi.

Ndani ya miezi hiyo ndimo tunamowapoteza, na nasema hivi kwa uchungu. Tunawapoteza watoto waliovuka miaka minne ya kutembea na jua, waliofaulu, ambao majina yao yanatoka kwenye orodha na hakuna anayejua walipo. Desemba hii hii atapita mtu, mara nyingi ni mama mwenye maneno mazuri, ataketi barazani kwako na kusema kuna familia Dar es Salaam inatafuta binti mtulivu wa kukaa na mtoto. Atasema ni kwa muda tu, matokeo yakitoka atarudi. Nauli anayo mkononi.

Wakulima wa korosho mnaijua kangomba kuliko mimi. Mnunuzi anakuja mkorosho ukiwa bado na maua, wewe una shida ya leo, anakupa fedha kidogo, na msimu ukifika mzigo wote ni wake kwa bei aliyoipanga yeye. Serikali inapambana na biashara hiyo kwa sababu inamnyang'anya mkulima jasho lake kabla halijakauka. Basi binti anayepandishwa basi Desemba kabla ya matokeo ya Januari ameuzwa kangomba. Bei yake ya kweli haijajulikana, na aliyemchukua hana haraka ya kuijua.

Kwa wavulana habari ni nyingine ila mwisho ni mmoja. Anapewa bodaboda ya mtu alete hesabu jioni. Leseni hana, kofia hana, na siku ya kwanza anarudi na fedha ambayo mama yake hajawahi kumwona nayo. Ikifika Julai, kumwambia aiache pikipiki apande gari kwenda shule ya bweni asiyoijua ni kazi kubwa. Sisemi akae bure. Akaokote korosho, alime, asaidie duka. Ninachosema ni kwamba kazi ya kungojea matokeo iwe ile ambayo unaweza kuikatisha siku jina lake likitoka, na awe mahali ambapo unaweza kumfikia kwa miguu.

Nieleze matokeo yanavyosomwa, kwa sababu kila Januari naona wazazi wakifurahi pasipo sababu na wengine wakilia pasipo sababu. Baba mmoja alishika simu akaniambia kwa huzuni, "Mwalimu, wa jirani amepata pointi 24, wangu 17 tu." Nilimwambia akamchinjie mwanawe kuku. Pointi zikiwa chache ndiyo vizuri. Baraza la Mitihani huchukua masomo 7 ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Jumla ikiwa kati ya 7 na 17 ni Daraja la Kwanza, 18 hadi 21 la Pili, 22 hadi 25 la Tatu, 26 hadi 33 la Nne, na 34 au 35 ni sifuri. Kwa hiyo 17 ni Daraja la Kwanza.

Kidato cha Tano kinataka angalau C tatu kwenye masomo yasiyo ya dini, na jumla ya pointi isizidi 25. Halafu kuna zile tahasusi. Zamani mlizoea kusikia PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, na HGL, EGM na wenzake. Mwaka 2024 Serikali iliziongeza kutoka 16 hadi 65, kwa hiyo mtoto ana mlango mpana kuliko kaka zake, na pia ana nafasi kubwa zaidi ya kuchagua asichokijua. Watoto wetu walijaza machaguo yao hapa shuleni kabla ya mtihani, wakiwa hawajui watapata nini. Muda wa kubadilisha ukifunguliwa baada ya matokeo, mleteni. Kompyuta ya ofisi ya taaluma ipo, mwalimu wa taaluma yupo, na hatozi mtu. Aje na namba yake ya mtihani. Iandikeni leo nyuma ya mlango kwa chaki kama hamna pengine pa kuiandika, lakini isipotee.

Na aliyepata Daraja la Nne? Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo hasira za nyumbani zinapowaka. Daraja la Nne si sifuri. Kozi nyingi za astashahada na stashahada vyuoni zinaanzia kwenye D nne za masomo yasiyo ya dini, na kozi za afya zinaangalia zaidi Baiolojia, Kemia na Fizikia. Kuna chuo cha ufundi stadi cha VETA pale Mtwara. Kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Masasi. Fundi umeme aliyefunga nyaya za jengo hili la utawala hakupita Kidato cha Tano, na kazi yake mnaiona, taa zinawaka. Anayetaka kurudia mtihani anaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili huo hufunguliwa mapema mwakani na anayechelewa hulipa zaidi, kwa hiyo uamuzi ufanyike wiki ya matokeo, msingoje mvua za masika.

Kuna jambo la matapeli, na nitalisema kwa ukali. Namba ngeni itakupigia, itakutajia jina la mwanao na shule hii, itasema inatoka wizarani au Baraza la Mitihani, mtoto amekosa nafasi kwa alama chache, tuma kiasi fulani kwenye namba hii tumwingize. Serikali haipangi watoto shule kwa fedha ya simu. Kata simu, njoo shuleni. Vilevile kuna vyuo vinavyobandika matangazo kwenye nguzo za umeme, na ukifuatilia havijasajiliwa. Kabla hujalipa shilingi, leta jina la chuo tuliangalie pamoja kama lipo kwenye orodha ya NACTVET, baraza la Taifa linalosajili vyuo hivyo. Nimeona mama akitoa fedha yote ya mnada mmoja kwa chuo ambacho miezi minne baadaye kilikuwa mlango uliofungwa kwa kufuli.

Sasa vyeti. Hapa nitakaa kidogo, naomba mnivumilie.

Alinijia ofisini binti aliyemaliza kwetu, akaenda Kidato cha Tano na cha Sita, akafaulu, akapata chuo kikuu. Alikuwa anaomba mkopo wa Bodi ya Mikopo. Akaniwekea mezani karatasi mbili. Cheti chake cha Kidato cha Nne kinasema Hadija. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khadija. Ni herufi moja tu. Nyumbani hakuna aliyewahi kuiona tofauti hiyo, maana anayemwita anaita jina lile lile. Lakini mfumo unaolinganisha majina haumjui mama yake wala hausikii sauti. Yule binti alizunguka kutoka ofisi moja hadi nyingine, nauli ya kwenda mjini na kurudi, muda wa maombi unakatika, na jina la babu yake nalo lilikuwa limeandikwa Mohamedi huku na Mohamed kule.

Chanzo cha yote haya ni siku mtoto anapoandikishwa. Mjomba anampeleka darasa la kwanza, mwalimu anauliza jina, mjomba anataja jina analolijua yeye. Jina hilo linasafiri na mtoto hadi Kidato cha Nne, na likishachapwa kwenye cheti cha Taifa halirudi nyuma. Nafasi ya kulirekebisha ipo kabla usajili wa mtihani haujafungwa. Kwa hiyo wazazi wa wanaoingia Kidato cha Nne Januari: mtoto aje wiki ya kwanza na cheti cha kuzaliwa, si kivuli chake. Mwalimu wa mitihani atalinganisha herufi kwa herufi, na mzazi atasaini kwamba ameona. Hata wale wa Kidato cha Kwanza na cha Pili waleteni. Tukigundua mapema, ni kazi ya siku chache.

Na lile karatasi mlilopewa hospitali mtoto alipozaliwa ni tangazo la kizazi, cheti chenyewe bado. Nalisema kila mwaka na kila mwaka watu wananiletea tangazo. Cheti kinatolewa na RITA, wakala wa Serikali anayesajili vizazi na vifo, na kwa wilaya yetu mnaanzia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Nendeni na tangazo, kadi ya kliniki kama ipo, kitambulisho cha mzazi, na barua ya mtendaji. Likizo ndiyo wakati wake, kwa sababu mtoto yupo na ninyi mna fedha ya korosho.

Bibi zangu, hili linalofuata ni lenu hasa. Wengi wenu mnalea wajukuu ambao baba au mama ametangulia mbele ya haki. Siku mjukuu atakapoomba mkopo wa chuo kama yatima, ataulizwa cheti cha kifo cha mzazi wake, na kitahakikiwa kama kile cha kuzaliwa. Kibali cha mazishi hakitoshi. Najua ni jambo zito kwenda kuandikisha kifo cha mwanao uliyemzika miaka kumi iliyopita, na wengine hamjawahi kulitaja jina lake mbele ya mtu wa ofisi tangu siku ile. Mtendaji wa Kata yupo hapa, tumezungumza naye jana, amekubali kutenga siku mbili za Desemba kuandika barua za namna hiyo bila kuwazungusha. Mwalimu wa malezi atakaa naye. Msiende peke yenu.

Nigeukie watoto wanaoendelea na shule. Likizo ni msimu wa jando na unyago, na mimi ni mtoto wa huku huku, sisimami hapa kuwafundisha makungwi kazi yao. Ninaomba mawili. Ngoma imalizike likizoni, mtoto asije kukosa wiki mbili za Januari. Na binti wa Kidato cha Kwanza anapotoka ndani asiambiwe kwamba sasa yuko tayari kwa mume. Aambiwe yuko tayari kuitwa mtu mzima mwenye kujiheshimu, na kwamba mwakani anaingia Kidato cha Pili. Makungwi, neno lenu linaingia mahali ambapo langu halifiki. Lisemeni hilo.

Kwa wanaume watu wazima nisome sheria kama ilivyo. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 jela, na sheria hiyo hiyo inakataza kumwoa au kumwozesha mwanafunzi. Kumaliza kesi barazani kwa mbuzi na kanga hakuifuti. Na kama tayari binti amepata mtoto, mlango haujafungwa: tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu waliokatisha masomo, wakiwemo waliojifungua, kurudi katika shule za kawaida ndani ya miaka miwili, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina utaratibu wake kwa waliopitwa na muda. Mleteni. Sitamuuliza maswali mbele ya watu.

Kazi za nyumbani mpeni, ni mtoto wenu. Ila nawaomba mtazame foleni ya maji. Sisi wa huku juu tunajua maji yalivyo. Binti anayeamka saa kumi alfajiri na ndoo, akarudi saa nne, akapika, jioni akarudi tena bombani, hana saa ya kufungua daftari wiki sita mfululizo. Kaka yake mwenye miguu mizuri naye anaweza kubeba ndoo. Gawaneni zamu, na muda utapatikana. Walimu wamewapa maswali ya likizo kwa kila somo, yamechapwa, hayahitaji simu wala intaneti. Kidato cha Pili wasikae wakingoja matokeo ndipo waanze. Asiyefikia kiwango atakariri darasa, na aliyefikia ataingia Kidato cha Tatu chenye mambo mazito zaidi, kwa hiyo kwa vyovyote vile kusoma kunamhusu.

Januari sasa. Masomo ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne hayana ada tangu mwaka 2016, na Kidato cha Tano na cha Sita ada iliondolewa mwaka 2022. Kilichobaki kwa mzazi ni sare, madaftari, matibabu na chakula tulichokubaliana wenyewe. Fedha ya korosho inaingia sasa, shule inafunguliwa mwezi ujao, na kati ya hapo pana sikukuu, harusi na ngoma. Mwenye mtoto anayengoja Kidato cha Tano ajue fomu ya kujiunga itamtaka godoro, tranka, ndoo, jembe, fagio na nauli ya mbali, mwezi wa Julai ambapo mikorosho haina kitu. Wekeni pembeni sasa. Mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, mnajua kufungua mfuko wa jambo maalumu. Fungueni wa Julai.

Wale ambao watoto wao wamemaliza darasa la saba na kupangiwa kwetu: karibuni sana. Mtoto aje siku ya kwanza hata kama sare mpya haijashonwa. Avae ya shule ya msingi, nitampokea, na sitaki kusikia mtoto amekaa nyumbani kwa ajili ya shati. Wiki za mwanzo tunawazoesha Kiingereza cha kusomea, kwa kuwa wametoka kusoma karibu masomo yote kwa Kiswahili, na anayezikosa wiki hizo huhangaika hadi Juni. Kama kuna dada au kaka wa Kidato cha Pili nyumbani, amsomee mdogo wake kurasa mbili kila jioni, wataje vitu vya jikoni na shambani. Inasaidia kuliko mnavyodhani.

Tarehe ya kufungua shule imo kwenye barua mliyopewa pale mlangoni. Ambaye hakupata, karani anazo.

Ripoti zinatolewa na walimu wa madarasa, chini ya mwembe Kidato cha Kwanza na cha Pili, chumba cha maabara Kidato cha Tatu. Msichukue karatasi na kuondoka. Kaeni na mwalimu, muulizeni mtoto anakaa wapi darasani, anauliza maswali au hanyanyui mkono, rafiki zake ni akina nani. Wazazi wa Kidato cha Nne waliomaliza, baki na mimi humu humu, nina daftari la namba zenu za simu na nataka kila mmoja aniambie mtoto atakuwa wapi kuanzia leo hadi Januari, kijiji gani, kwa nani. Nitapiga simu matokeo yakitoka, na nitampigia kila mmoja.

Mtendaji, karibu useme siku zako za barua. Ahsanteni.